Siri Yako Ni Amana ya Wenzako

Ndugu msomaji, kama umewahi kuvuka kutoka Tunduma kwenda Nakonde, waijua desturi ya mpakani. Msafiri husimama katika foleni, na akifika dirishani hutoa hati yake ya kusafiria. Huulizwa aendako, siku atakazokaa na mzigo aliouchukua. Hujibu alivyoulizwa, hugongewa mhuri, kisha huirudisha hati mfukoni na kuufunga mfuko vizuri. Ndivyo ilivyokuwa zamani, na ndivyo ilivyo hata sasa, tangu tarehe 5 Oktoba 2019, marais wa wakati ule, John Magufuli wa Tanzania na Edgar Lungu wa Zambia, walipokifungua kituo cha pamoja cha mpakani ili kuyarahisisha mambo. Hakuna msafiri mwenye akili timamu ambaye, akiisha kugongewa mhuri, husimama juu ya lori na kuwatangazia wapita njia namba ya hati yake, kiasi cha fedha alizonazo na jina la nyumba atakamolala usiku.

Lakini mtazame msafiri huyo huyo nusu saa baadaye. Ameketi katika mgahawa, angoja sahani yake ya wali. Atoa simu, aipiga picha ile hati iliyo wazi yenye mhuri mpya, na chini yake aandika: “Nimevuka salama. Naelekea Lusaka kufuata mzigo, nitarudi Jumamosi.” Kisha airusha picha hiyo mtandaoni, mbele ya watu ambao wengine hawajui hata kwa sura. Kwa tendo dogo kama hilo amewaambia kwamba ana fedha za mzigo, kwamba yuko njiani, na kwamba mkewe na watoto watakuwa peke yao nyumbani hadi Jumamosi. Jambo alilokataa kulitangaza barabarani amelitangaza akiwa mezani, wala moyo wake haukumshtaki.

Kwa nini? Kwa sababu mtu akiishika simu yake hujiona yuko peke yake. Chumba ni kimya, kioo cha simu ni kidogo, hakuna anayemkodolea macho. Kumbe yuko katikati ya soko. Somo letu la juma hili ni jinsi ya kujilinda katika soko hilo. Tena twataka kuonyesha jambo moja ambalo wengi hawalifikiri: mtu anapozilinda habari zake hajilindi nafsi yake tu, bali anatunza amana ya watu wengine.

FARAGHA NI NINI?

Tuanze na maana ya neno. Faragha ni hali ya mtu kuwa na mambo yake mahali pasipofikiwa na macho ya wasiohusika. Kila nyumba yetu, iwe ya matofali ya kuchoma au ya udongo na nyasi, ina mahali pa kupokelea wageni na ina chumba cha ndani. Mgeni hukaribishwa sebuleni kwa furaha na kupewa kiti kizuri. Chumbani haingii. Je, ni kwa sababu chumbani mna uovu? La hasha! Mna kitanda cha baba na mama, mna nguo, mna dawa za mgonjwa, mna akiba ya ada za watoto. Yote hayo ni mambo halali, lakini yana wenyewe.

Basi lile neno lisemwalo mara nyingi, “Mimi sina kosa, kwa hiyo sina la kuficha,” si neno la hekima. Kosa ni jambo moja, na siri ni jambo jingine. Mtu aogapo hufunga mlango, wala kuoga si kosa. Kipimo cha faragha si kuuliza, “Je, jambo hili ni baya?” bali ni kuuliza, “Je, jambo hili ni la nani?”

Kipimo hicho hicho chatuonyesha kwamba kuficha kila kitu nako si sawa. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Mgonjwa hana budi kumwambia mganga maumivu yake, mfanyabiashara hana budi kumwonyesha ofisa wa forodha mzigo wake, na mkopaji hana budi kumweleza mkopeshaji hali ya mapato yake. Kila mmoja wa hao anayo haki ya kujua sehemu yake. Lakini haki ya mganga si haki ya jirani ya mganga, na haki ya ofisa wa forodha si haki ya kila apitaye barabarani. Mwenye busara humpa kila mtu sehemu iliyo yake, wala hazidishi.

Wala hili si jambo la adabu tu. Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya mwaka 1977, katika ibara ya 16, yatambua kwamba kila mtu anastahili hifadhi ya nafsi yake, ya maisha yake binafsi, ya familia yake, ya maskani yake na ya mawasiliano yake. Haki hiyo iliingizwa humo pamoja na haki nyingine za msingi kwa mabadiliko ya mwaka 1984, zamani ambapo hakuna mkulima wala mchuuzi wa Tunduma aliyewaza kubeba simu mfukoni. Chombo ni kipya, haki ni ya zamani.

VIPANDE VIDOGO HUUNGANA

Watu wengi hudhani kwamba hatari huja mtu anapotoa siri kubwa. Kwa kweli mara nyingi huja kwa vipande vidogo vidogo, ambavyo kila kimoja peke yake chaonekana hakina madhara. Tufanye mfano. Tuseme yuko mama mmoja auzaye mchele wa Kamsamba katika soko la mpakani. Ni mfano tu, lakini kila msomaji amemwona mama wa namna hiyo.

Jumatatu mama huyo aweka mtandaoni picha ya magunia yake pamoja na namba ya simu, ili wateja wamwone. Jambo jema, maana ndiyo biashara. Jumatano asherehekea siku yake ya kuzaliwa, na rafiki zake waandika jina lake kamili na umri wake. Alhamisi aweka picha ya mwanawe aliyefaulu mtihani, amevaa sare yenye nembo ya shule, na chini yake jina la mtoto na darasa lake. Ijumaa aandika kwamba yuko safarini kwenda Mbeya. Kila kipande ni kidogo. Lakini yuko mtu mahali fulani, asiyemjua mama huyo wala hajapata kufika Tunduma, ambaye ameviokota vipande vyote vinne.

Jumamosi simu yalia. “Shikamoo, mama Fulani. Mimi ni mwalimu wa shule ya mwanao. Mtoto ameanguka, tumemkimbiza hospitali, daktari adai fedha za vipimo sasa hivi. Tuma haraka kwa namba hii.” Mama asikia jina la mwanawe, asikia jina la shule, asikia darasa. Yuko mbali, hawezi kwenda kuhakikisha. Moyo wamdunda, atuma fedha. Jioni afika nyumbani na kumkuta mtoto anacheza mpira.

Ulaghai wa namna hii, pamoja na ule mwingine wa ujumbe usemao “ile fedha itume kwa namba hii,” unajulikana nchi nzima. Katika taarifa zake za mwaka 2024, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, yaani TCRA, ilitaja Rukwa, mkoa jirani yetu, pamoja na Morogoro, kuwa ndiyo mikoa iliyoongoza kwa majaribio ya ulaghai wa simu. Basi tusidhani kwamba wezi hao wako ng’ambo ya bahari. Walaghai hawahitaji bunduki wala funguo bandia. Wahitaji habari tu, na habari hizo twawapa sisi wenyewe, bure.

Tumwambieje mama yule? Asiache kutangaza mchele wake, maana ndio unaomlisha. Atenganishe tu. Namba ya biashara na picha ya magunia ni vya wateja wote. Siku ya kuzaliwa, jina la mtoto na shule yake ni vya ndugu na rafiki anaowajua kwa uso. Safari na itangazwe baada ya kurudi. Na simu ya haraka kama ile ikija, akate, kisha ampigie mwalimu kwa namba aliyopewa shuleni, wala si kwa namba iliyompigia. Dakika mbili za subira zaweza kuokoa mtaji wa mwezi mzima.

DAFTARI LA NAMBA SI LAKO PEKE YAKO

Sasa twafika kwenye jambo lililo kiini cha somo hili. Katika simu yako mna orodha ya namba. Mna namba ya shangazi, ya mwenye nyumba, ya mwajiri, ya fundi, ya shemeji. Orodha hiyo waiita yako, na ni kweli kwamba simu uliinunua kwa fedha yako. Lakini je, namba ya shangazi ni yako? Yeye alikupa wewe ili umpigie. Hakukupa uruhusu wa kumpa mtu mwingine. Kwako wewe namba ile ni amana.

Miaka hii zimetokea programu za simu zikopeshazo fedha kwa dakika chache, bila dhamana wala mdhamini. Mtu mwenye shida, labda ana mgonjwa au kodi ya pango imefika, huipakua programu hiyo. Kabla ya kumpa senti moja, programu humwuliza: “Waniruhusu kuisoma orodha ya namba zako? Waniruhusu kuziona picha zako? Waniruhusu kujua mahali ulipo?” Mwenye shida hasomi. Hubonyeza “ndiyo” mara tatu, na fedha huingia.

Siku ya kulipa ikimpita, ndipo aionapo dhamana aliyoiweka bila kujua. Ujumbe waenda kwa shangazi, kwa mwajiri, kwa mwenye nyumba na kwa fundi, kwamba fulani ni mdaiwa sugu, mwambieni alipe. Pengine huongezwa matusi na picha yake. Watu ambao hawakukopa wala hawakudhamini wasumbuliwa usiku na mchana. Wako waliopoteza heshima kazini kwa namna hiyo, na nyumba zilizoingiwa na ugomvi. Waliosumbuliwa hawakuulizwa kamwe kama waridhia.

Malalamiko yalikuwa mengi hata dola ikaingia kati. Mwezi Agosti 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitoa mwongozo kwa wakopeshaji wa mtandaoni, na mwezi Novemba mwaka huo ikatangaza majina ya programu na majukwaa 69 yaliyokuwa yakikopesha bila leseni, ikiwaonya wananchi wasiyatumie. Wenzetu wa Kenya walikwisha kuchukua hatua ya namna hiyo. Septemba 2023, ofisi yao ya kulinda taarifa binafsi iliitoza kampuni moja ya mikopo ya mtandaoni, Mulla Pride, faini ya shilingi za Kenya 2,975,000, kwa kuyatumia majina na namba za watu iliyozipata kwa wengine na kuwapelekea ujumbe wa vitisho.

Faini ni jambo jema, lakini huja baada ya aibu. Wajibu wa kwanza ni wetu. Ukitaka kukopa, tazama kwanza kama mkopeshaji ana leseni ya Benki Kuu. Programu ikikuomba kusoma orodha ya namba zako, jiulize: fedha za mkopo zina uhusiano gani na namba ya shangazi? Kama hakuna, kataa. Na kama ulikwisha kukubali, fungua mipangilio ya simu yako, itafute programu hiyo na kuiondolea ruhusa moja moja. Kijana yeyote wa mtaani mwenye kuijua simu aweza kukuonyesha, ila mwenye kubonyeza awe wewe mwenyewe.

WATOTO, WAGONJWA NA WAFU

Wako watu wa aina tatu wasioweza kuitetea faragha yao: mtoto, mgonjwa na maiti. Hao hutegemea adabu yetu kabisa.

Mtoto kwanza. Mzazi humpenda mwanawe na kutaka dunia nzima imwone. Huweka picha yake akioga katika beseni, picha yake akilia, picha yake amevaa sare ya shule. Mtoto hakuulizwa. Baada ya miaka kumi na mitano picha hiyo aweza kuikuta mikononi mwa wanafunzi wenzake, wakimcheka. Walimu nao huingia katika kosa hilo wanapotaka kuitangaza shule. Mwezi ule ule wa Septemba 2023, nchini Kenya, shule moja ya Nairobi iitwayo Roma School ilitozwa faini ya shilingi za Kenya 4,550,000 kwa kuzitangaza picha za watoto bila idhini ya wazazi wao. Fedha hiyo ingejenga darasa. Walimu wetu na wayapime hayo kabla ya kuweka picha za mahafali, na wazazi wasione haya kuuliza, “Picha ya mwanangu mtaipeleka wapi?”

Mgonjwa pili. Mtu aenda hospitali kumwangalia jamaa, ampiga picha yuko kitandani, mwili umekonda na mpira wa maji umo mkononi, kisha aipeleka katika kundi la ukoo akiandika, “Mwombeeni.” Nia ni njema. Lakini katika kundi hilo wamo wakwe, wamo majirani, wamo watu waliokwisha kuingizwa na hakuna akumbukaye ni nani aliyewaingiza. Kundi moja la WhatsApp laweza kuwa na watu hata 1,024. Je, mgonjwa angekubali kulala uchi wa mgongo mbele ya watu 1,024? Habari ya kwamba amelazwa yatosha. Picha na jina la ugonjwa ni vyake mwenyewe.

Maiti tatu. Barabara yetu kuu itokayo Mbeya hadi mpakani ina malori mengi na miteremko, na ajali si jambo geni. Ajali ikitokea, wako wanaokimbilia kuokoa, na wako wanaokimbilia kupiga picha. Mara nyingine mke hupata habari ya kifo cha mumewe, dereva au utingo, si kwa mdomo wa mzee wa ukoo aliyekuja na kuketi naye chini, bali kwa kuyatambua mashati yake katika picha ya damu iliyorushwa na mtu asiyemjua. Wazee walisema aibu ya maiti aijuaye mwosha. Mwosha huingia peke yake, hufunga mlango, na akitoka hasemi aliyoyaona. Kama hatuwezi kuokoa, basi tufanye kama mwosha, tusitiri.

KIDOLE NA NAMBA

Sasa tuseme kidogo juu ya vitu ambavyo ni funguo za mambo yote ya mtu. Kuanzia Mei 2019, laini za simu nchini zilianza kusajiliwa kwa alama za vidole pamoja na namba ya kitambulisho cha taifa, na muda wa mwisho uliongezwa hadi tarehe 20 Januari 2020. Tangu hapo kila laini ina mwenyewe anayejulikana. Maana yake ni kwamba laini ikitumika kwa wizi, wa kwanza kutafutwa ni yule ambaye kidole chake kiliisajili.

Kwa hiyo mtu akikuambia, “Nisajilie laini, nimesahau kitambulisho,” ukatoa kidole chako kwa hisani, umempa jina lako akatende nalo apendavyo. Mjini mwetu wapitao ni wengi, leo wako hapa, kesho wako Lubumbashi, na hisani ya namna hiyo ni ghali. Tena, uendapo kwa wakala kusajili laini moja, ukiambiwa urudie kidole mara ya pili na ya tatu kwamba mashine haikusoma, uliza ni kwa sababu gani. Kisha hakikisha mwenyewe: piga *106# upate kuona laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Ukiikuta usiyoijua, nenda ofisi ya kampuni ya simu ikafutwe. Ujumbe wa kilaghai nao hutolewa taarifa kwa namba 15040, pasipo malipo ya fedha wala ya aibu.

Namba ya siri ya akaunti ya fedha usimpe mtu yeyote, hata wakala aliyekaa chini ya mwavuli na kukusaidia kila siku. Kadhalika zile tarakimu sita ambazo WhatsApp hukuletea kwa ujumbe ni ufunguo wa akaunti yako. Akija mtu na kusema, “Nimekutumia tarakimu kwa makosa, nirudishie,” ajua anachotafuta. Ukimpa, ataingia kwa jina lako na kuanza kuwaomba fedha ndugu zako, nao watatuma wakidhani ni wewe. Hapo tena waona: mlango uliouacha wazi ni wako, walioibiwa ni wenzako.

SHERIA YASEMAJE?

Bunge letu lilitunga Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, Namba 11 ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Kwa sheria hiyo iliundwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, ambayo Rais Samia Suluhu Hassan aliizindua tarehe 3 Aprili 2024. Yafaa kila mwananchi ayajue mambo makubwa yaliyomo.

Akusanyaye taarifa za watu, awe ni kampuni, shule, zahanati au ofisi, yampasa awe na sababu halali, aiseme sababu hiyo, achukue zile zinazohitajika tu, azitunze salama, wala asizitumie kwa kazi nyingine. Taarifa za afya, za watoto, za alama za mwili na za miamala ya fedha huhesabiwa kuwa nyeti, na hulindwa zaidi. Nawe mwenye taarifa unayo haki ya kuuliza zimechukuliwa zipi, kutaka zilizokosewa zisahihishwe, kukataa zisitumike kukutangazia biashara, na kupeleka malalamiko mbele ya Tume.

Kwa hiyo mlinzi wa mlangoni akikupa daftari uandike jina, namba ya simu na namba ya kitambulisho, na daftari lile liko wazi lasomwa na kila aingiaye baada yako, si ujeuri kuuliza kwa upole, “Ndugu, namba ya kitambulisho ni ya kazi gani hapa?” Atakayeulizwa mara nyingi atajifunza kulifunga daftari.

TUFANYE NINI?

Mpakani pale wako maofisa wa kuuliza kabla kitu hakijavuka. Katika simu hakuna ofisa. Ofisa ni wewe mwenyewe, na kidole chako ndicho kizuizi. Basi kabla ya kukiinua kizuizi hicho, uliza maswali matatu.

La kwanza: jambo hili ni la nani? Kama ni langu, nitaamua. Kama ni la mtoto, la mgonjwa, la rafiki au la marehemu, nitaomba ruhusa, na pasipo ruhusa litakaa.

La pili: anayepaswa kulijua ni nani? Kama ni dada yangu peke yake, nimpigie simu. Si lazima lipite katika kundi lenye watu mia tatu.

La tatu: likimfikia mtu mbaya, aweza kulifanyia nini? Swali hili halitaki woga, lataka fikira ya dakika moja tu. Maji yakimwagika hayazoleki, na picha iliyokwisha kupelekwa, hata ukiifuta kwako, yaweza kuwa imehifadhiwa katika simu nyingine kumi.

Wengine watasema kwamba mafundisho haya yataua furaha ya kuzungumza na ndugu walio mbali. Sivyo. Mtandao umewaunganisha wana na mama zao, na dereva aliye Ndola aweza kuiona sura ya mwanawe aliyezaliwa juzi. Hiyo ni baraka, nasi twataka idumu. Lakini mazungumzo hudumu palipo na uaminifu. Shangazi atakuambia habari zake akijua kwamba hazitatoka kwako. Akiziona zimetangazwa, atanyamaza, nawe utakuwa umempoteza mtu kwa ajili ya kusifiwa na watu usiowajua.

Jioni ya leo, baada ya chakula, mzazi na akae na watoto wake, kila mmoja na simu yake mkononi, wajiulize haya:

1. Picha zilizomo katika kurasa zetu, ni zipi ambazo wenyewe hawakuulizwa? Zifutwe leo, na ikibidi waombwe radhi.

2. Ni programu gani tulizoziruhusu kusoma orodha ya namba, na kwa sababu gani?

3. Ikija simu ya kusema mmoja wetu amepatwa na ajali, ni neno gani la siri la nyumbani tutakalouliza ili kumtambua wa kweli?

Swali la tatu hilo lijibiwe kabla ya kulala. Na neno litakalochaguliwa lisiandikwe katika simu.